Dhahabu na Udongo

Somo: Yeremia 18:1-6, Maombolezo 4:2, 2 Wakorintho 4:7

Wapendwa wasikilizaji, mulembe. Ndivyo wanavyosalimiana watu wa Kakamega, na maana yake ni amani. Tunawasalimu kwa amani hiyo, na zaidi kwa amani ile itokayo kwa Bwana wetu Yesu Kristo. Kama uko jikoni, mama, usiache kazi yako. Endelea kuchambua mboga huku ukisikiliza, kwa maana leo tutasema habari za chombo cha jikoni. Na wewe baba uliyeketi na redio yako, karibu pia, kwa kuwa hata chakula chako kimepita katika chombo hicho.

Leo tunawaalika mshuke pamoja nasi mpaka nyumba ya mfinyanzi. Tunasema "mshuke" kwa sababu ndivyo alivyoambiwa nabii Yeremia. Mungu alikuwa na neno la kumpa, lakini hakumpa pale alipokuwa. Alimtaka kwanza aondoke, ateremke mpaka mahali ambapo mtu mmoja alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, na huko ndiko angesikia. Yeremia akaenda, akamtazama mfinyanzi akifanya kazi yake, akaona chombo kikiharibika mkononi, akaona kikifanywa upya. Ndipo neno likamjia. Nabii huyu, mtu wa maneno makali, hapa alianza kwa kutazama, na kuhubiri kukafuata baadaye.

Tena angalieni kwamba nyumba ya mfinyanzi ilikuwa chini. Kila mahali ndivyo ilivyo. Udongo mzuri na maji viko bondeni, na mfinyanzi hufuata udongo. Watu wenye haraka hupita juu barabarani, naye yuko chini, ameinama.

Basi tushuke Ilesi.

Ukitoka mjini Kakamega ukashika barabara ya Kisumu, hutakwenda mbali kabla ya kufika Ilesi, katika nchi ya Waisukha. Mahali hapo pana sifa mbili. Ya kwanza ni jiwe. Waisukha huliita Ikhongo Murwi, na wengine huliita Jiwe Liliao. Ni mwamba mkubwa, urefu wake kama mita 40, uliosimama kama mtu, na juu yake jiwe jingine kama kichwa. Maji hutiririka juu ya mwamba huo kama machozi yashukayo mashavuni. Wazee wana masimulizi yao juu ya kilio hicho, na wasafiri husimamisha magari yao wakatazama.

Sifa ya pili ni vyungu. Akina mama wa Ilesi ni wafinyanzi mashuhuri. Wamefinyanga mitungi ya maji, vyungu vya kupikia ugali na mboga, vyungu vya pombe ya kienyeji katika siku za wazee, na siku hizi hata vyungu vya kupandia maua. Watu hutazama jiwe, kisha hupita. Lakini sisi leo tunataka kuliunganisha jiwe lile na chungu, kwa sababu vitu hivi viwili ni vya ukoo mmoja.

Wataalamu wa miamba hutufundisha kwamba udongo wa mfinyanzi huzaliwa na mwamba. Mawe makubwa ya namna ya itale, kama yale yanayoonekana katika Isukha, Idakho na Maragoli, yanaonekana magumu hata kudhaniwa kwamba hayawezi kubadilika. Lakini Kakamega ni nchi ya mvua. Hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na msitu wa Kakamega, uliobaki kama kipande cha mwisho huku kwetu cha misitu mikubwa ya Kongo, unaishi kwa mvua hiyo. Basi mvua hunyesha juu ya mwamba mwaka baada ya mwaka, maelfu kwa maelfu ya miaka. Maji huingia katika nyufa, hulainisha sehemu ya madini yaliyomo, na sehemu ile hugeuka kuwa unga mwembamba kuliko unga wa mahindi. Mvua huuchukua unga huo, vijito huuteremsha, na mwishowe hutulia bondeni, tabaka juu ya tabaka. Huo ndio udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo mwamba unapolia, ndugu zangu, machozi yake hayapotei bure. Kilio cha mlimani ndicho kinacholeta udongo bondeni.

Mama mfinyanzi hakusoma habari hizo katika kitabu, lakini anaijua nchi yake kwa vidole. Anajua ni ukingo gani wa kijito wenye udongo unaonata na upi una mchanga mwingi. Huchimba, huubeba kichwani, huutoa mizizi na mawe, huulowesha, na huukanda mpaka uwe sawasawa. Udongo mtupu ukifinyangwa peke yake hupasuka unapokauka, kwa hiyo ni lazima uchanganywe na kitu kingine. Mahali pengine huchanganywa na mchanga. Na wafinyanzi wa sehemu mbalimbali za Afrika hufanya jambo moja la ajabu: huchukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, huviponda, na kuvitia ndani ya udongo mpya. Vigae vile vimekwisha kupita motoni, havisinyai tena, navyo huutia udongo mpya nguvu na kuyapa maji njia ya kutoka. Chungu cha bibi kilichovunjika huingia katika chungu cha mjukuu. Mfikirie jambo hilo ninyi wazee mnaodhani kwamba mkivunjika hamna kazi tena.

Kisha mama huanza kujenga. Hatumii gurudumu. Hukunja udongo kuwa mikanda mirefu kama kamba nene, huizungusha, mmoja juu ya mwingine, na kwa vidole huiunganisha isionekane. Kwa kigae cha kibuyu hulainisha ndani na nje. Tumbo la chungu huvimba, bega huinama, shingo huinuka, mdomo hufunguka. Mmesikia maneno hayo? Tumbo, bega, shingo, mdomo: tunakitaja chungu kwa viungo vya mwili wetu wenyewe. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo shuleni. Lugha yenyewe inakumbuka jambo ambalo kitabu cha Mwanzo kinalisema, kwamba mwanadamu naye alifinyangwa kwa udongo.

Na umbo hilo mama alilipata wapi? Hakuna picha mbele yake. Alilipata kwa kutazama nchi anamoishi. Ametazama kibuyu kinavyokaa juu ya ardhi kwa tumbo lake pana bila kuanguka. Ametazama mawe ya kwao, yaliyoviringwa na mvua, yasiyo na pembe kali. Kabla udongo haujakauka huchukua kamba ndogo iliyosukwa, huibiringisha begani mwa chungu, na alama zake hubaki pale kama nyayo ndogo za ndege katika tope baada ya mvua. Urembo huo nao una kazi yake, kwa maana chungu chenye mikwaruzo hakitelezi mkononi mwa binti atokaye mtoni. Uzuri na kazi vimekaa pamoja, kama Mungu alivyovikalisha pamoja katika majani na maua.

Halafu huja kusubiri. Chungu huwekwa kivulini siku nyingi. Mtu mwenye haraka akikitia motoni kingali na unyevu, maji yaliyobaki ndani yake hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia ya kutokea hukipasua. Moto haukuwa na kosa, wala udongo haukuwa na kosa. Kilichokosekana ni subira. Kikiwa kikavu kweli kweli, hupangwa pamoja na vingine uwanjani, hufunikwa kwa kuni na nyasi, na moto huwashwa. Baada ya moto ule, udongo ule hautakuwa tope tena milele.

Sasa, wapendwa, tunataka mkumbuke kwamba katika nchi hiyo hiyo ya Kakamega walikuja wachimbaji wengine.

Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa Kakamega. Habari zikaenea upesi. Huo ulikuwa wakati ambapo bei za mazao zilikuwa zimeanguka duniani kote, na Wazungu wengi wenye mashamba walikuwa wameishiwa. Wakaja na mahema yao, na sululu zao, na masanduku ya kuchekechea mchanga. Bonde lililokuwa la wafinyanzi na wakulima likajaa vigingi vya mipaka. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria iliyosema kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, ni lazima wapewe ardhi nyingine mahali pake. Desemba 1932, kwa ajili ya dhahabu ya Kakamega, sheria hiyo ikabadilishwa ili ardhi ichukuliwe pasipo sharti hilo. Ahadi iliyokuwa haijatimiza hata miaka mitatu ikavunjwa, na wazee walikumbuka jambo hilo kwa uchungu.

Dhahabu ilichimbwa. Machimbo makubwa ya Rosterman, karibu na mji, yalifungwa mwaka 1952. Wenye kampuni wakaenda zao, mashimo yakabaki. Hata leo katika Ikolomani vijana wetu huingia katika mashimo membamba kutafuta mabaki ya dhahabu ile, na wengine wamefukiwa humo. Tunawaombea, na tunawaombea mama zao.

Hatusemi kwamba dhahabu ni mbaya. Mungu ndiye aliyeiumba, na hekalu la Sulemani lilipambwa nayo. Tunasema jambo jingine. Wachimbaji wa dhahabu walitazama udongo wa Kakamega kama taka inayofunika mali. Waliutoa, wakaumwaga kando, wakatafuta kilichomo ndani. Lakini katika nchi ile ile walikuwako akina mama waliojua kwamba udongo wenyewe ni mali. Walichimba kidogo, kiasi cha kichwa kuweza kubeba. Na walikuwa wakichimba kabla dhahabu haijagunduliwa, nao wameendelea kuchimba baada ya kampuni kufungwa.

Walianza lini? Hapa tutamtaja mchungaji mmoja. Shemasi Mkuu Walter Edwin Owen wa kanisa la Anglikana alitumika katika nchi iliyoitwa Kavirondo, yaani sehemu hizi za Nyanza na Magharibi, akiwa na cheo hicho tangu mwaka 1918. Alikuwa mtu wa kazi nyingi, lakini alikuwa na desturi ya kuinama. Alipokuwa akizunguka makanisani aliokota vipande vya vigae vilivyofunuliwa na mmomonyoko wa udongo, akavitunza, akavionyesha kwa wataalamu Louis na Mary Leakey. Vingi vilitoka Urewe, huko Siaya, katika upande wa mto Yala. Ni mto ule ule ambao maji yake hupita kusini mwa msitu wa Kakamega kabla ya kuteremka kwenda ziwani. Owen alifariki mwaka 1945, na maandishi yake pamoja na akina Leakey juu ya vigae hivyo yakachapishwa mwaka 1948.

Vyungu vile vilikuwa na mistari mizuri iliyochorwa mdomoni na begani, na vingi vilikuwa na kishimo kidogo kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole kabla ya kukiweka chini. Leo tunajua kwamba vyungu vya Urewe vina umri wa zaidi ya miaka 1,500, na vya namna hiyo hiyo vimepatikana kulizunguka ziwa letu, katika Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Mitume walipokuwa wakienenda huku na huku na Injili, watu wa nchi za ziwa hili walikuwa tayari wamekaa chini wakipamba mabega ya vyungu. Majina ya wafalme wao hatukuachiwa, lakini alama ya kidole chao tunayo. Na aliyeiokota ni mchungaji, kwa sababu hakuona haya kuinama.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya kale. Dunia imekwenda mbele. Sasa kuna sufuria na mitungi ya plastiki." Ni kweli, nasi hatuwaombi akina mama waitupe sufuria. Mtungi wa plastiki hauvunjiki na ni mwepesi kichwani, na mama aliyechota maji kilomita tatu ana haki ya kushukuru. Lakini tusiseme kwamba kazi ya mfinyanzi ni ya watu waliochelewa. Tazameni mifano miwili.

Huko Nigeria, katika kijiji cha Kwali, alizaliwa mwanamke aliyejulikana kama Ladi Kwali. Alijifunza kufinyanga tangu utotoni kama wasichana wote wa kwao. Juu ya mitungi yake alichora viumbe aliowaona kwao: mijusi, nyoka, mamba, nge. Mwaka 1954 alijiunga na kituo cha wafinyanzi cha Abuja kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na baadaye alisafiri nchi za mbali kuonyesha jinsi mikono yake inavyofanya kazi. Alifariki mwaka 1984. Nchi yake ilimweka katika noti ya naira 20, akiwa pamoja na chungu chake. Mwanamke aliyechora mjusi wa kijijini kwao, picha yake inazunguka sokoni katika nchi yote.

Mfano wa pili ni wa Kenya yetu. Magdalene Odundo alizaliwa nchini humu mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa. Huko ndiko alikogeukia udongo. Lakini angalieni alikokwenda kuutafuta ujuzi wake. Katika miaka ya 1974 na 1975 alirudi Afrika, akakaa katika kituo kile cha Abuja, akajifunza kwa akina mama, Ladi Kwali akiwa mmoja wao. Mwaka 1982 alimaliza masomo katika Royal College of Art, London. Mpaka leo hatumii gurudumu. Hujenga kwa mikono, husugua uso wa chombo mpaka ung'ae, na kwa moto hukipa wekundu wa udongo wetu au weusi wa chungu cha jikoni. Vyombo vyake viko katika British Museum, na mwaka 2020 alipewa heshima kubwa ya kuitwa Dame katika Uingereza. Ukivitazama utaona tumbo, bega, shingo na mdomo, yale yale ya mama wa Ilesi.

Tunayataja hayo si ili tuseme kwamba chungu chetu kimekuwa kizuri kwa sababu London wamekisifu. Kilikuwa kizuri tangu zamani. Tunayataja ili tuulize swali. Magdalene Odundo alipotaka kujifunza aliwapata wanawake wa kumfundisha. Walikuwapo, wakiwa hai, mikono yao ikijua. Je, msichana wa Kakamega atakayezaliwa mwaka huu, akiwa na miaka ishirini na kitu akitamani kuujua udongo wa kwao, atamkuta nani?

Hilo ndilo jambo linalotusumbua leo. Ujuzi huu hauko katika vitabu. Uko katika vidole vya akina nyanya, na vidole hivyo vinazeeka. Wasichana wengi hawataki kukaa matopeni, wala hatuwezi kuwalaumu, kwa maana wameona jinsi nyanya anavyolipwa. Amekwenda bondeni, amebeba, amekanda, amejenga, amesubiri, ametafuta kuni ambazo sasa ni ghali, amechoma, na vingine vimepasukia motoni. Amevipanga vilivyopona kando ya barabara. Kisha anasimama mtu mwenye gari, anauliza bei, anacheka, anasema, "Mama, huu si udongo tu?" Na mama mwenye njaa anapunguza, anapunguza tena, mpaka bei inakuwa chini ya kuni alizochomea. Msichana amesimama nyuma anatazama. Siku hiyo ameamua. Hatafinyanga kamwe.

Ndugu zangu, katika Maombolezo kuna kilio kinachofanana na hiki. Mwombolezaji anawatazama watoto wa Sayuni, ambao thamani yao ilikuwa thamani ya dhahabu safi, na anaona wanahesabiwa kama vyungu vya udongo tu, kazi ya mikono ya mfinyanzi. Maandiko hayafichi kwamba chungu ni kitu ambacho watu hukidharau. Lakini Mtume Paulo, akiyajua hayo, alipotafuta mfano wa mahali ambapo Mungu ameweka hazina yake, hakuchagua kikombe cha dhahabu. Alichagua chombo cha udongo, chombo cha kila siku, kinachoweza kuvunjika, ili ijulikane kwamba nguvu iliyomo ni ya Mungu. Dhahabu hufungiwa sandukuni. Chungu hupika mboga, na jirani akija, hula.

Katika kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya nne, kati ya majina mengi ambayo wasomaji huyaruka, kuna mstari mmoja juu ya wafinyanzi waliokaa pamoja na mfalme kwa ajili ya kazi yake. Mfalme hakuwaweka nje ya mji kama watu wa matope. Walikaa kwake. Kama mfalme wa Yuda alijua kuwaheshimu, kanisa la Bwana halina udhuru.

Basi tufanye nini? Tutasema mambo manne ambayo yako ndani ya uwezo wa kila ushirika.

Kwanza, tumlipe mfinyanzi haki yake. Biblia inasema wazi juu ya ujira wa mfanyakazi unaozuiliwa, kwamba hupaza sauti. Ukinunua chungu, mwulize mama amekaa nacho siku ngapi, ndipo utaje bei. Kushindana bei ni desturi ya soko, lakini kumnyang'anya maskini si desturi, ni dhambi.

Pili, umoja wa akina mama na idara ya vijana wapange siku ya kwenda kwa mama mfinyanzi, kama Yeremia, si kumhubiria bali kutazama. Watoto wa shule ya Jumapili wanaosikia kila mwaka habari za mfinyanzi na udongo wayatie matope mikononi mwao angalau mara moja. Mtoto aliyejaribu kuinua shingo ya chungu ikamwangukia ataelewa Yeremia sura ya 18 kuliko mahubiri yetu kumi. Na pengine kati yao yuko mmoja ambaye mikono yake imezaliwa kwa kazi hiyo, naye hajui bado.

Tatu, tuitunze nchi inayotoa udongo huo. Mashimo ya bondeni yajazwe ili ng'ombe na watoto wasitumbukie. Aliyekata mti wa kuchomea apande mwingine nyumbani kwake, wala asiuingilie msitu wa Kakamega. Akina mama wa magharibi mwa Kenya wamekwisha kutuonyesha kwamba udongo waweza kuulinda msitu: tangu miaka ya 1980 vikundi vyao vimefinyanga majiko ya kujengea jikoni, yale yaliyoitwa Maendeleo na baadaye Upesi, ambayo hupunguza kuni na moshi. Mikono iliyojua chungu ndiyo iliyojua jiko. Kama ujuzi ule ungalikuwa umekufa, jiko lile lingalifinyangwa na nani?

Nne, tujifunze kutazama. Mtu aweza kuzaliwa karibu na Ikhongo Murwi, akapita chini yake miaka hamsini, asiuone mkono wa Mungu katika maji yale. Mama mfinyanzi ameuona. Hakwenda mbali kutafuta uzuri. Aliinama hapo alipo. Wengi wetu tunamwomba Mungu atupe mali, huku macho yetu yakiwa juu ya nchi za watu wengine. Mungu amekuwa akiinyeshea mvua nchi yetu tangu kale, akisaga miamba, akituwekea bondeni tabaka juu ya tabaka. Anangoja mtu wa kushuka.

Na wewe unayesikiliza ukiwa na moyo uliovunjika, sikia neno la mwisho. Yeremia alipotazama, chombo kiliharibika mkononi mwa mfinyanzi, na mfinyanzi hakukitupa. Udongo ulikuwa ule ule, mkono ulikuwa ule ule, naye akaanza tena. Usiogope kivuli cha kusubiri kama umewekwa humo, maana huwezi kuingia motoni ungali na unyevu. Wala usidhani kwamba vigae vyako ni takataka. Yuko Mmoja anayejua kuvisaga na kuvitia katika chombo kipya, vikakipa nguvu.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyetufanya kwa mavumbi ukatutia pumzi yako, tunakushukuru kwa mvua ya Kakamega, kwa miamba yake na mabonde yake. Tunakuombea mama aliyeketi leo kando ya barabara na vyungu vyake. Mlinzi wa haki yake uwe wewe, na utufanye sisi kuwa wanunuzi wenye haki. Walinde vijana walio mashimoni. Wape binti zetu macho ya kuona na mikono yenye subira. Nasi, tulio udongo tu, utushike mkononi mwako wala usituache mpaka kazi yako itimie. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapendwa, na mulembe iwe nyumbani mwenu.